BARTOLOMÉ DE LAS CASAS: Askofu Aliyewafungia Mabwana Mlango wa Maungamo

Jumapili moja ya Majilio, tarehe 21 Desemba 1511, wakubwa wa kisiwa cha Hispaniola walikusanyika kanisani katika mji wa Santo Domingo. Gavana Diego Colón, mwana wa Christopher Columbus, alikuwapo. Maofisa wa hazina ya mfalme walikuwapo. Na askari wa zamani waliokwisha kutajirika kwa jasho la wengine walikuwapo pia. Mtawa wa shirika la Wadominiko, Antonio de Montesinos, alipanda mimbarani akawauliza ni kwa haki gani wanawaweka wenyeji wa kisiwa kile katika utumwa wa kikatili namna ile, na je, wenyeji hao si watu wenye roho kama wao? Akawaambia wazi kwamba kwa hali waliyokuwa nayo, hawana tumaini la kuokoka kupita wasioijua dini kabisa.

Mchana wa siku hiyo wakubwa walikwenda kwenye nyumba ya watawa kudai mhubiri ayafute maneno yake. Mkuu wa watawa, Pedro de Córdoba, akawajibu kwamba hotuba ile haikuwa ya mtu mmoja, ilikuwa ya nyumba nzima. Jumapili iliyofuata Montesinos akapanda tena. Hakufuta neno. Aliyakazia yote, na akaongeza kwamba tangu siku hiyo watawa hawatamwungamisha mtu yeyote anayewakandamiza wenyeji, kama vile wasivyomwungamisha mnyang'anyi wa njiani.

Katika kisiwa hichohicho aliishi padre kijana mwenye shamba na wenyeji wa kumlimia. Habari za mahubiri hayo alizipata, lakini hazikumbadilisha. Tena, alipokwenda kuungama kwa mtawa mmoja wa Wadominiko, alikataliwa kwa sababu ileile ya kuwamiliki watu. Padre akabishana naye, kisha akaenda zake na wenyeji wake akaendelea nao. Jina lake lilikuwa Bartolomé de las Casas. Miaka zaidi ya 30 baadaye yeye mwenyewe, akiwa askofu, aliwafungia mabwana mlango uleule aliofungiwa yeye, na nusura auawe kwa ajili hiyo.

MTOTO WA SEVILLE

Las Casas alizaliwa katika mji wa Seville, kusini mwa Hispania. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba alizaliwa mwaka 1474, lakini hati za kesi ambamo alitoa ushahidi na kutaja umri wake zimewafanya wanahistoria waukubali mwaka 1484. Baba yake, Pedro, alikuwa mfanya biashara wa kawaida. Mwaka 1493 Columbus alipopita Seville baada ya safari yake ya kwanza, akionyesha kasuku wa kijani na watu saba aliowaleta kutoka visiwa vya mbali, mtoto Bartolomé alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwatazama. Mwaka huohuo baba yake alijiunga na safari ya pili ya Columbus.

Inafaa msomaji akumbushwe hapa kwamba Columbus alidhani amefika India, na kwa kosa hilo akawaita watu aliowakuta Wahindi. Jina hilo la makosa liliwaganda hadi leo. Ili kuepusha mchanganyiko, katika makala hii wataitwa wenyeji, maana ndivyo walivyokuwa.

Pedro aliporudi nyumbani alimletea mwanawe zawadi: kijana mwenyeji wa visiwani, awe mtumishi wake. Wazazi wa siku hizi huwaletea watoto viatu au baiskeli. Mzazi huyu alileta mtu. Haikuchukua muda Malkia Isabel akatoa amri wenyeji walioletwa Hispania namna hiyo warudishwe kwao, na mwaka 1500 kijana yule akapandishwa meli na kurejeshwa.

Mwaka 1502 Bartolomé mwenyewe alivuka bahari katika msafara mkubwa wa gavana mpya, Nicolás de Ovando, ambao ulichukua watu wapatao 2,500. Baadaye aliandika jinsi walivyopokelewa. Meli zilipokaribia Santo Domingo, wasafiri wakapiga kelele kuuliza habari za nchi. Watu wa pwani wakajibu kwamba habari ni njema: bonge kubwa la dhahabu limepatikana, na tena wenyeji wa upande fulani wameasi, kwa hiyo kutakuwa na vita na watumwa watapatikana tele. Wasafiri wakafurahi. Hakuna aliyeona ajabu kwamba vita vilitangazwa kuwa habari njema.

Mpango uliotumika huko uliitwa enkomienda. Katika maandishi ulionekana mzuri: Mhispania alikabidhiwa kijiji au kikundi cha wenyeji, awalinde na kuwafundisha dini, nao wamfanyie kazi. Katika matendo, mlinzi aliwapeleka machimboni kuchekecha dhahabu miezi kwa miezi, wake zao wakabaki kulima matuta ya muhogo, na watoto wakafa kwa kukosa maziwa ya mama zao. (Muhogo huo ni huuhuu tuujuao: asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioufikisha Afrika baadaye.) Hesabu ya mwaka 1514 ilipofanyika, wenyeji waliogawanywa kwa mabwana katika Hispaniola nzima walikuwa kiasi cha 26,000 tu, katika kisiwa ambacho Wahispania wa kwanza walikikuta kimejaa watu. Wengine waliuawa vitani, wengine kwa njaa na kazi. Ndui ilipoingia mwishoni mwa mwaka 1518 iliwamaliza wengi wa waliosalia.

Las Casas alipata upadre, na mwaka 1510 akaimba Misa yake ya kwanza katika kisiwa hicho. Inasemekana ilikuwa Misa ya kwanza ya padre mpya kuimbwa katika nchi zile za ng'ambo. Upadre haukumzuia kuwa bwana shamba. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwatesa watu wake kama wengine, lakini pia hakushughulika kuwafundisha dini, ambayo ndiyo ilikuwa sababu ya kukabidhiwa.

SIKU YA CAONAO

Mnamo mwaka 1512 alikwenda Kuba, ambako Diego Velázquez alikuwa akiiteka nchi. Las Casas akawa padre wa kikosi kilichoongozwa na nahodha Pánfilo de Narváez, chenye askari wapatao mia. Kazi yake ilikuwa kutangulia na kuwatuliza wanavijiji: aliwaomba wahame nusu moja ya nyumba zao ili askari walale humo, na askari wasiingie nusu ya pili. Mpango huo uliepusha magomvi mengi, hata wenyeji wakajifunza kumwamini padre huyo. Alikuwa akiwapelekea barua, yaani kipande chochote cha karatasi juu ya kijiti, nao wakaamini kwamba karatasi inasema.

Asubuhi moja kikosi kilisimama kula katika bonde la mto uliokauka, mahali palipojaa mawe laini ya kunolea. Askari wakanoa panga zao. Jioni walifika katika kijiji cha Caonao, wakakuta watu wapatao 2,000 wamechuchumaa uwanjani, wakishangaa farasi, ambao hawakupata kuwaona. Chakula kilikuwa tayari kimeandaliwa kwa ajili ya wageni: mikate ya muhogo na samaki wengi. Watu wengine wapatao 500 walikuwa ndani ya nyumba kubwa ya jirani.

Hakuna amri iliyotolewa. Msomaji aliye askari atauelewa uzito wa maneno hayo kuliko wengine. Mtu mmoja alichomoa upanga wake, sababu haikujulikana, na mara hiyohiyo wote mia wakachomoa zao wakaanza kuwakata wanaume, wanawake, watoto na wazee waliokuwa wamekaa chini. Narváez alikuwa juu ya farasi wake, akatazama kama sanamu. Hakunyanyua hata mkono kuwazuia. Las Casas hakuwa mahali palepale ilipoanza. Alipotokea alizunguka akipiga kelele, akiwazuia hawa, na wale wakiendelea upande mwingine. Katika nyumba kubwa aliwakuta watu waliokuwa wamepanda juu ya mapaa kujificha, akawaambia wasiogope, yamekwisha. Kijana mmoja akashuka akilia. Padre alikuwa amekwisha kutoka kwenda kuzuia mauaji mengine, na askari aliyebaki akampasua kijana yule tumbo. Kijana akatoka nje akishika matumbo yake mikononi, akakutana na padre, naye akambatiza pale pale, akafa.

Baadaye Narváez alimwuliza padre anaonaje kazi waliyoifanya askari wao. Las Casas akamjibu kwamba anamkabidhi yeye na askari wake kwa shetani.

Mtu angedhani kwamba baada ya siku hiyo padre huyu asingeweza tena kupokea mtu wa kumtumikisha. Sivyo ilivyokuwa. Kuba ilipokwisha kutekwa, Velázquez alimzawadia enkomienda nzuri karibu na mto Arimao, pamoja na rafiki yake mwema, Pedro de la Rentería. Naye aliipokea, akapanda, akafuga, akawapeleka watu wake machimboni. Aliyeona Caonao kwa macho yake alikaa mwaka mzima akihesabu mavuno. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo katika maandishi yake, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumwamini anapoeleza mengine.

Kilichomgeuza kilikuwa kazi ya kawaida ya padre. Mwaka 1514 alitakiwa kuhubiri Sikukuu ya Pentekoste kwa Wahispania wa mji mpya wa Sancti Spíritus. Alipokuwa akitafuta maneno ya kuhubiri alifika sura ya 34 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, panaposemwa kwamba sadaka iliyotokana na mali ya dhuluma haipokelewi na Mungu, na kwamba kumnyang'anya maskini mkate wake ni sawa na kumwua. Alikaa siku kadhaa akiyafikiri hayo, pamoja na yale aliyokuwa amebishana na mtawa wa Hispaniola. Mwisho akaona kwamba yote yaliyokuwa yakitendwa kwa wenyeji yalikuwa dhuluma, na kwamba asingeweza kuwahubiria wengine huku naye ana watu wake.

Alimwendea gavana Velázquez akamwambia kwamba anaiacha enkomienda. Gavana, ambaye alimpenda, alimpa siku 15 afikiri tena, kwa kuwa alikuwa njiani kuwa tajiri. Las Casas akamwambia ahesabu kwamba siku 15 zimekwisha kupita. Tarehe 15 Agosti 1514, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, alitangaza uamuzi wake mimbarani. Jambo la ajabu ni kwamba Rentería, aliyekuwa Jamaika kununua nguruwe na mbegu, naye alikuwa amefikia wazo la kuomba ruhusa ya kuwafungulia shule watoto wa wenyeji. Marafiki hao wawili walipokutana na kuambiana siri zao walishangaa, kisha mali ya Rentería ndiyo iliyomlipia Las Casas nauli ya kwenda Hispania.

MBELE YA WAFALME

Desemba 1515 alionana na mfalme Ferdinand aliyekuwa mgonjwa, na mwezi uliofuata mfalme akafa. Alikwenda pia kwa Juan Rodríguez de Fonseca, askofu wa Burgos, aliyesimamia mambo yote ya nchi za ng'ambo na ambaye mwenyewe alikuwa na wenyeji waliomfanyia kazi huko. Las Casas alimsomea jinsi watoto 7,000 walivyokufa Kuba kwa miezi mitatu. Fonseca akamkatiza: hayo yananihusu nini mimi, na yanamhusu nini mfalme? Padre akapaza sauti, akamwuliza kama vifo vya roho zote hizo havimhusu yeye wala mfalme, ni nani basi vinayemhusu? Kisha akatoka.

Kadinali Cisneros, aliyeshika madaraka kwa muda, alimsikiliza zaidi, na mwaka 1516 akampa cheo cha Mlinzi wa Wenyeji. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kuvuka bahari kwenda na kurudi, na kungoja barazani kwa wakubwa.

Katika miaka hiyo alitenda kosa ambalo halifai kufunikwa, hasa katika gazeti linalosomwa Afrika. Mwaka 1516, na tena mwaka 1518, katika mapendekezo yake kwa watawala, alisema kwamba walowezi wa visiwani waruhusiwe kuleta watumwa weusi, ili wenyeji waachwe huru. Si yeye aliyeanzisha biashara hiyo. Waafrika walikuwa wamekwisha kupelekwa Hispaniola tangu miaka ya mwanzo ya karne, na mfalme Ferdinand alituma wengine mwaka 1510. Lakini neno la padre mwema lilikuwa na uzito wake. Agosti 1518 mfalme kijana, Carlos, alimpa mmoja wa vipenzi vyake kibali cha kupeleka Waafrika 4,000, naye akakiuza kwa wafanya biashara wa Genoa kwa dukati 25,000. Kila mtu alipata faida yake, isipokuwa wale 4,000 na wenyeji ambao kwa ajili yao kibali kiliombwa; maana hawakuachiliwa.

Mwaka huohuo wa 1518 Papa Leo X alimteua Henrique, mwana wa mfalme Afonso wa Kongo, kuwa askofu. Yaani mtu wa Kongo aliweza kuwa askofu wa Kanisa, na mtu wa Kongo aliweza kuandikwa katika orodha ya mizigo ya meli, katika mwaka mmoja. Mfalme Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 kulalamika kwamba wafanya biashara wanawakamata watu wake kila siku, hata jamaa zake.

Las Casas alichelewa kulitambua kosa lake. Hata alipokwenda kushika uaskofu mwaka 1544 alikuwa na kibali cha kuchukua watumwa weusi. Ni baada ya kusoma tarikh za Wareno zilizoeleza jinsi watu wa pwani ya Afrika walivyovamiwa na kutekwa ndipo alipoandika, katika kitabu chake kikubwa cha Historia ya nchi zile, kwamba utumwa wa watu weusi ni dhuluma ileile iliyofanywa kwa wenyeji, na kwamba hana hakika kama kutojua kwake kutamkinga mbele ya hukumu ya Mungu. Waliomtangulia na waliomfuata katika pendekezo hilo walikuwa wengi; walioliandika kuwa dhambi yao ni wachache.

Mwaka 1520 alipewa eneo la pwani ya Cumaná, katika Venezuela ya leo, ili aonyeshe jinsi ya kukaa na wenyeji kwa amani, bila askari. Jaribio lilikufa vibaya. Wawinda-watumwa wa jirani walikuwa wamekwisha kuwachokoza watu wa pwani ile, na mapema mwaka 1522, yeye akiwa hayupo, wenyeji walishambulia na kuwaua baadhi ya watu aliowaacha. Akarudi Hispaniola amevunjika moyo, akajiunga na Wadominiko, shirika lilelile lililomnyima maungamo. Alikaa kimya karibu miaka kumi, akisoma sheria na teolojia. Mwaka 1527 alianza kuandika Historia yake.

Huko Hispaniola alipata nafasi ya kuonana na Enriquillo, mkuu wa wenyeji aliyelelewa na watawa wa Mtakatifu Fransisko, ambaye bwana wake alimnyang'anya farasi na kumdhulumu mkewe. Aliposhitaki akadharauliwa, basi mwaka 1519 akaingia milima ya Bahoruco na watu wake. Kikosi baada ya kikosi kilitumwa, lakini Enriquillo hakushindwa. Na ilikuwa desturi yake kuwanyang'anya silaha baadhi ya mateka kisha kuwaachilia. Mwaka 1533 mfalme alilazimika kufanya naye mapatano, na Las Casas akaenda milimani kumtembelea.

Baada ya hapo tunamwona Guatemala. Mwaka 1537 alipatana na gavana Alonso Maldonado kwamba jimbo la Tezulutlán, lililoitwa Nchi ya Vita kwa kuwa majeshi yalikuwa yameshindwa kuliteka, waachiwe watawa peke yao, asiingie mlowezi hata mmoja kwa miaka mitano. Inasimuliwa kwamba watawa walitunga nyimbo za dini kwa lugha ya wenyeji, wakawafundisha wachuuzi, nao wakaziimba kwa wakuu wa milimani pamoja na kuuza visu na vioo. Nchi ile ikabadilishwa jina ikaitwa Verapaz, maana yake Amani ya Kweli. Amani hiyo haikuwa kamili. Mwaka 1555 mtawa Domingo de Vico aliuawa katika sehemu za mpakani. Hata hivyo watawa wasio na bunduki walifika mahali ambapo jeshi lilirudishwa.

UASKOFU

Tarehe 20 Novemba 1542 Carlos, aliyekuwa sasa Kaisari Carlos V, alitia sahihi Sheria Mpya. Asifanywe tena mwenyeji yeyote kuwa mtumwa, hata kwa kisingizio cha vita; isitolewe enkomienda mpya; na bwana mwenye enkomienda akifa, watu wake wasirithiwe na mwanawe, bali warudi chini ya mfalme. Las Casas alikuwa amesukuma sana kupatikana kwake. Kutunga sheria ni jambo moja. Ng'ambo ya bahari nani ataishika? Kaisari akamtaka awe askofu wa Cuzco, jimbo tajiri la Peru, akakataa. Akakubali Chiapas, jimbo maskini la kusini mwa Meksiko, na tarehe 30 Machi 1544 akawekwa wakfu Seville, mji wa kuzaliwa kwake. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60.

Aliondoka na watawa wapatao 45. Hispaniola walowezi waliwagomea, hawakutaka kuwapa hata sadaka ya chakula. Walipokaribia jimboni, chombo kimoja kilizama karibu na pwani ya Campeche na watawa tisa wakafa maji. Mapema mwaka 1545 askofu aliingia Ciudad Real, makao ya jimbo lake, akapokewa kwa heshima zote na watu ambao walikuwa wamekwisha kupata habari zake.

Heshima hizo hazikufika Pasaka. Kwaresima ilikuwa wakati wa kila Mkristo kuungama, na kufa bila kuungama kulikuwa jambo la kutisha kuliko kufungwa gerezani. Askofu akawaondolea mapadre wake ruhusa ya kuungamisha, akawaachia wawili tu, na hao akawapa orodha ya dhambi ambazo ondoleo lake ni mpaka kwake mwenyewe. Kubwa katika hizo ilikuwa kushikilia watumwa wenyeji na mali iliyopatikana kwao. Bwana anayetaka kuondolewa dhambi kwanza awaachie huru watu wake na arudishe alichochukua. Askofu hakuwa na askari hata mmoja, wala jela ya maana, na gavana hakuwa upande wake. Alikuwa na ufunguo huo tu.

Mmoja wa wale mapadre wawili, ambaye alikuwa ndiye msaidizi mkuu wa kanisa la jimbo, aliwaondolea dhambi mabwana waliojulikana wazi kuwa na watumwa. Askofu akamwita kwa upole, hata kwa kumwalika chakula, hakuja. Alipotuma watu wamkamate, padre yule akapiga kelele akiomba msaada, na mji mzima ukatoka na panga. Wakamwachilia padre, wakaivamia nyumba ya askofu. Mmoja aliapa kwamba atamwua. Watawa walikuwa wakimsihi akimbie. Aliwauliza akimbilie wapi, kwa kuwa shauri lile lilikuwa la watumwa wale, nao hawakuwa na pa kukimbilia, akabaki.

Aliposafiri kwenda Gracias a Dios, kwenye mahakama ya mfalme, kudai sheria ishikwe, alimkuta rais wa mahakama ni Maldonado yuleyule wa mapatano ya Tezulutlán. Safari hii Maldonado alikuwa na masilahi yake katika enkomienda, na badala ya kumsaidia akamtukana hadharani. Na Sheria Mpya yenyewe ilikuwa ikiyeyuka. Huko Peru walowezi walichukua silaha chini ya Gonzalo Pizarro, na Januari 1546 wakamwua mwakilishi wa mfalme vitani. Kaisari alikuwa ameogopa mapema. Oktoba 1545 aliifuta ile sehemu iliyokataza kurithi. Mwaka 1546 askofu aliondoka jimboni mwake kwenda kwenye mkutano wa maaskofu Meksiko. Hapo aliandika kanuni 12 za waungamishaji: mgonjwa anayetaka kuungama na aite kwanza mwandishi wa hati, aandikishe kuwaachia watu wake huru na kurudisha mali, ndipo padre aketi. Mwaka 1547 akavuka bahari kwa mara ya mwisho. Hakukaa jimboni mwake hata miaka miwili, na mwaka 1550 akajiuzulu uaskofu.

Mwaka huohuo Kaisari aliamuru ushindi wa nchi mpya usimamishwe mpaka ijulikane kama ni halali, jambo ambalo ni vigumu kulipatia mfano katika historia ya wafalme washindi. Baraza la wanasheria na wanateolojia likaketi Valladolid. Upande mmoja alikuwapo Juan Ginés de Sepúlveda, mwanachuoni mkubwa, aliyedai kwamba wenyeji ni watu duni kwa maumbile, na kwamba ni haki kuwapiga vita kwanza ili wahubiriwe baadaye. Hakupata kukanyaga nchi yao. Alisema kwa saa tatu. Las Casas alisoma majibu yake kwa siku tano. Alieleza kilimo chao, miji yao, sheria zao na malezi ya watoto wao, akasisitiza kwamba mataifa yote ya dunia ni wanadamu. Baraza lilikutana tena mwaka 1551, likatawanyika bila hukumu iliyotangazwa. Sepúlveda alinyimwa ruhusa ya kuchapa kitabu chake, na majeshi yakaanza tena kusonga.

Mwaka 1552 Las Casas alichapa Seville taarifa yake fupi ya maangamizi ya nchi zile, bila kuomba ruhusa. Hesabu zake za waliokufa zilikuwa za kukadiria, nyingine kubwa kupita kiasi, na maradhi hayakupewa nafasi yao. Maadui wa Hispania, Waholanzi, Wafaransa na Waingereza, walikimbilia kukitafsiri, huku nao wakitafuta makoloni yao. Nyumbani aliitwa msaliti. Hata mtawa mwenzake wa Kifransisko, Motolinía, aliyeishi miaka mingi na wenyeji wa Meksiko, alimwandikia Kaisari mwaka 1555 barua kali ya kumshitaki kwamba ni mtu wa ghasia asiyekaa mahali pamoja, na kwamba aliwatumia wenyeji wapagazi wamchukulie makaratasi yake. Huenda shitaka la makaratasi lilikuwa la kweli.

Mabwana wa Peru walipomwahidi mfalme Felipe II fedha nyingi ili enkomienda ziwe urithi wao wa milele, askofu mzee alijitokeza kwa niaba ya wakuu wa wenyeji akaahidi kutoa zaidi ya hapo. Biashara ile haikukamilika. Aliendelea kuandika hadi mwaka wa kufa kwake, na akamaliza siku zake katika nyumba ya Wadominiko ya Atocha, Madrid, tarehe 18 Julai 1566, mwenye umri wa miaka 80 na zaidi. Historia yake aliwaachia watawa wa Valladolid kwa sharti kwamba isitolewe mpaka miaka 40 ipite. Ilipita zaidi ya mara saba ya hiyo. Ilichapwa mwaka 1875. Ciudad Real, mji uliotoka na panga dhidi yake, ulikuwa umekwisha kubadilishwa jina mwaka 1848, ukaitwa San Cristóbal de las Casas.